Nikate au Nibakize?

Swali lenyewe ni dogo, na wewe msomaji una haki ya kucheka. Una nguo. Zilikuwa zinakutosha. Sasa hazikutoshi tena, na si kwamba zinabana. Unaogelea ndani yake. Ufanyeje?

Mimi nilidhani jibu linajulikana. Nilikuwa na kilo 118. Daktari akanipima, akasema sukari imeanza kupanda, na nisipopunguza mwili nitaanza kumeza vidonge ningali kijana. Ikanichukua mwaka na miezi mitano: kwenda kazini Kariakoo kwa miguu toka Buguruni, kuacha soda, kuacha chipsi mayai za saa nne usiku (hili ndilo lililoniuma kuliko yote, tusidanganyane), mpaka mizani ikasoma 84. Suruali zangu za saizi 42 zikawa za mtu mwingine. Nikivaa shati, mabega yake yanashuka mpaka karibu na viwiko. Basi Jumamosi moja nikazitoa zote kabatini, mashati 11, suruali 7, kanzu 2 na ile suti niliyoshonewa nilipomaliza chuo. Nikatandika mkeka barazani, nikazipanga vizuri, nikawapigia simu binamu zangu: njooni mchague.

Mama akatoka ndani na sinia la mchele aliokuwa anachambua. Akautazama mkeka. Akaliweka sinia chini, akapiga magoti, akaanza kuzikunja zile nguo moja moja na kuzirudisha ndani.

"Mama, vipi tena?"

"Nguo za kupangwa mkekani ni za marehemu," akasema bila kuniangalia. "Kwani wewe umekufa?"

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu akishazikwa na arobaini ikafika, nguo zake hutolewa nje, ndugu wakakaa, kila mmoja akachukua yake ya kumkumbukia. Sasa mimi mzima nimekaa barazani, nagawa mashati yangu huku nanywa maji ya limau. Nilikasirika. Nikasema moyoni, haya mambo ya kizamani yatatumaliza. Nguo ni zangu, jasho ni langu, mwili ni wangu. Nani mwingine mwenye kauli?

Kabla sijarudi kwa Mama, niyapitie kwanza yale majibu mepesi, maana na wewe najua unayo mdomoni.

Jibu la kwanza: wape maskini. Hili ni jibu lenye heshima zake. Askofu mmoja wa karne ya 4, Basili wa Kaisaria, alihubiri kwamba nguo unayoifungia sandukuni bila kuivaa si yako tena, ni ya yule asiye na nguo. Hoja kali hiyo, na katika nchi hii kuna wakati ingemkata mtu maini. Miaka ya mwanzo ya 80 nguo Tanzania ilikuwa adimu kweli, watu wakipanga foleni kwa ajili ya kipande cha khanga. Lakini mwaka 1984 masharti ya biashara yakalegezwa, mitumba ikaingia, na tangu hapo haijatoka. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa. Rwanda ikapandisha ushuru na kushikilia, Marekani ikaiadhibu mwaka 2018, sisi wengine tukarudi nyuma kimyakimya. Nenda Karume asubuhi robota linapofunguliwa uone. Shati zuri tu unalipata kwa bei ya sahani ya wali. Huyo asiye na nguo wa Basili, Dar es Salaam ya leo utamtafuta sana. Utamkuta asiye na kodi ya nyumba, asiye na dawa, asiye na nauli. Nikimpa huyo shati la XXL nitakuwa nimemsaidia yeye, au nimepunguza msongamano wa kabati langu na kujiandikia thawabu?

Na hapo kuna kitu cha ajabu. Mitumba ilipoanza kuonekana, wazee waliiita "kafa Ulaya". Walisema hivi: mtu mwenye akili zake hawezi kutoa koti zima lisilo na tundu, kwa hiyo mwenye koti lazima kafa. Kumbe pengine Mzungu wa watu hakufa. Alikonda tu, akapeleka nguo zake kwenye boksi la sadaka. Lakini sikia, fikra ya wale wazee na fikra ya Mama pale barazani ni ileile: nguo nzima haimtoki mtu aliye hai.

Jibu la pili: ziweke, utanenepa tena. Linaudhi, ila lina hesabu zake. Madaktari wanajua kwamba watu wengi wanaopungua hurudisha sehemu kubwa ya uzito ndani ya miaka michache. Sasa je, kuweka suruali ya saizi 42 juu ya kabati ni busara, kama mtu anayeweka mwavuli wakati wa kiangazi, au ni kujitabiria mabaya? Nimekaa na swali hili usiku mwingi. Wale wanaosema "choma daraja, usirudi nyuma" huniogopesha kidogo, kwa sababu wanamzungumzia yule mtu wa kilo 118 kama mwizi aliyeingia nyumbani kwangu. Hakuwa mwizi. Ndiye aliyesoma chuo, ndiye aliyembeba bibi mgongoni mwaka ule wa mafuriko, ndiye aliyeamua siku moja kuanza kutembea. Huyu wa kilo 84 amekula jasho la yule.

Jibu la tatu alinipa mshikaji wangu: "Zivae hivyohivyo bwana, siku hizi ovasaizi ndiyo mpango mzima." Na kweli, vijana wa miaka ya 90 walivaa suruali zinazofagia barabara, na sasa mtindo umerudi na jina jipya. Kwa hiyo nikajaribu. Nikavaa shati langu kubwa, nikafunga mkanda mpaka tundu la mwisho, nikaenda msibani kwa jirani. Kabla sijakaa, mama mmoja akanishika mkono kwa upole, sauti chini: "Mwanangu, unatumia dawa lakini?"

Mji huu una macho ya aina yake. Kuna miji mtu akikonda anapongezwa. Hapa, mwanamume aliyekonda ndani ya nguo kubwa bado anasomwa kama tangazo la kifo. Na macho hayo hayakutoka hewani. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la vitambaa vya biashara ya mpakani. Ng'ambo, Uganda, wakauita Slim, kwa kuwa ulikuwa unamkondesha mtu. Dar tukaja na miwaya. Angalia majina hayo mawili ya kwanza: moja la nguo, moja la kukonda. Mtu aliyebaki mwembamba ndani ya shati lake la zamani aliyabeba yote mawili kwa pamoja, na hakuna aliyehitaji kumwuliza kitu.

Yule mama wa msibani nilimjibu haraka mno. "Hapana mama, mimi siumwi! Mimi nafanya mazoezi!" Nikasema kwa sauti, ili na wa jirani yake wasikie. Kesho yake nikanunua mashati mawili ya kubana, ya kuonyesha kifua. Nikajiona nimeshinda.

Jioni hiyo ndipo Mama aliponieleza habari za mjomba. Nilikuwa na miaka sita alipofariki, mwaka 2001. Ninachokumbuka mimi ni koti lake la kijivu na harufu ya sigara. Mama anakumbuka zaidi, maana ndiye aliyemuuguza. Alikuwa mtu mkubwa, wa kujaza mlango. Alipoanza kukonda hakutaka kupunguza nguo. Alivaa sweta ndani ya shati, na juu yake koti, katika joto la Dar la mwezi wa Februari, ili watu wa kijiweni waendelee kumwona yuleyule. Anarudi nyumbani sweta limelowa unaweza kulikamua. Mama anamvua, anamfuta, anamwuliza kwa nini unajitesa hivi, kaka? Anamjibu: "Sijitesi. Natembea na mwenzangu."

Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure kwa wananchi mwaka 2004. Miaka mitatu. Mama hataji hiyo miaka, ila ukitaja wewe anaondoka chumbani.

Na arobaini yake ilipofika, Mama akatandika mkeka barazani. Ndiyo, baraza hilihili. Akapanga mashati, suruali, koti. Ndugu wakaja, wakala ubwabwa, wakasoma dua, wakaaga. Nguo hakuna aliyegusa. Watu waliogopa kuambukizwa na shati! Leo kila mtoto wa shule anajua ugonjwa ule hauambukizwi na nguo, na hata wakati huo redio ilikuwa inasema kila siku, lakini redio ilisema na mikono ikakataa. Siku tatu nguo zilikaa mkekani. Siku ya nne Mama akazikunja, akazirudisha ndani, na akazivaa yeye. Mashati ya kaka yake, juu ya khanga, akipika na kufua, mpaka yakachanika.

Kwa hiyo ndugu msomaji, nilipodhani Mama ananiletea ushirikina, alikuwa anaiona tena ile siku ya nne.

Nimejaribu kuitetea ile kauli yangu ya "mwili ni wangu" na naona inasimama, ila kwa mguu mmoja. Uamuzi wa nini kiingie mdomoni mwangu ni wangu, hilo silitoi. Lakini mwili huu umetazamwa na watu wengine tangu haujui kutembea. Mama ameuhesabu mbavu nilipougua surua. Unapokonda mbele ya mtu aliyekwisha kumwona mwingine akikonda, hupungui peke yako. Unampunguza na yeye usingizi.

Hata hivyo hilo silo lililonichoma zaidi. Lililonichoma ni lile jibu langu la msibani. Kwa nini nilipayuka? Kama yule mama angeniuliza, "Mwanangu, unatumia dawa ya sukari?" ningemjibu taratibu na kumshukuru. Nilichokuwa nakataa siyo ugonjwa, ni kufanana. Nilitaka kuzitoa nguo zangu haraka haraka nisije nikaonekana kama mjomba. Nikajiita mtu wa sadaka, mtu wa maisha mapya, kumbe nilikuwa upande wa wale waliokula ubwabwa wakaondoka mikono mitupu. Sijui kama nimetia chumvi kusema hivyo. Rafiki yangu mmoja aliyesoma rasimu hii anasema nimetia. Anasema mtu ana haki ya kutotaka kuzikwa kabla ya siku zake. Nakubali anayo. Lakini anayekanusha kwa kelele vile huwa anawakanusha na waliomo humo, wanaomeza dawa zao kila siku na kwenda kazini kama mimi, tena wengine wanene kunizidi.

Basi nikabadili mambo mawili. La kwanza, mashati sikuyapanga tena mkekani. Niliyabeba kwenye mfuko, nikampelekea kila binamu mkononi, nyumbani kwake, nikamwambia: hili nililivaa nikiwa mnene, nimepungua kwa sababu ya sukari, likikufaa livae, lisipokufaa nirudishie. Mmoja alinirudishia. Akasema rangi mbaya. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

La pili, suti na suruali nikazipeleka kwa fundi. Ni mzee, cherehani yake iko chini ya baraza la duka Ilala, na ana tabia ya kuzungumza huku ameuma pini. Akanipima, akaigeuza suruali ndani nje, akacheka peke yake.

"Kijana, hapa nikitoa zote, mifuko ya nyuma itakutana. Utakuwa na mfuko mmoja katikati kama kangaruu."

"Sasa?"

"Nafumua yote, nahamisha mifuko. Kazi ipo. Koti ndiyo basi, mabega haya hayapunguziki. Bega la koti ni kama bega la mtu."

Akachora na chaki. Akachukua mkasi, kisha akausimamisha hewani.

"Hii ziada, nikate au nibakize ndani?"

Sikuwa nimejiandaa. Nikamwuliza wengine wanasemaje. Akasema wengi wanamwambia kata, vijana hasa, halafu baada ya miaka miwili wanarudi na suruali imepasuka, wanamwambia fundi fanya mpango, na mpango haupo kwa sababu kitambaa kilikwenda na taka. "Lakini nikibakiza," akasema, "mshono utakuwa mnene. Ukikaa utausikia."

Nikamwambia abakize.

Ninausikia. Kwenye daladala hasa, viti vile vya nyuma. Watu wakiniuliza kama naumwa nawaambia sukari ilitaka kunikamata, na anayeuliza kuhusu ule ugonjwa mwingine namwambia nilipima, kama anavyopaswa kupima yeye. Wengine hawapendi jibu hilo.

Koti nililiacha kitini nikiwa sijaamua. Mwezi wa Julai, kile kibaridi cha alfajiri kilipoanza, niliamka nikamkuta Mama uwanjani anafagia, amelivaa juu ya khanga, mikono ameikunja mara mbili.