Huzuni ya Mzazi: Je, Ni Upungufu wa Imani?

Ama baad. Wako watu katika sisi, na baadhi yao ni watu wa elimu, ambao wakimwona mzazi analia, hataki chakula, hapati usingizi hata mtoto alalapo, husema, "Imani yake ni haba," au, "Ana jini." Nami nalikuwa mmoja wao.

Hapa Nakuru, mtaa wa Bondeni, naliitwa kumsomea binti mmoja aliyeletwa na mumewe kutoka pwani. Mtoto wake alikuwa wa wiki tano. Nikamsomea, kisha nikamwambia, "Binti yangu, subiri, umshukuru Mola kwa neema hii." Akajibu kwa sauti ndogo, "Nashukuru, Maalim, lakini natamani nisiamke." Nikamkemea kwa neno lile, nikaondoka. Bibi mmoja jirani, asiyejua kusoma, ndiye aliyekesha naye, na asubuhi akampeleka hospitali. Binti akatibiwa, na baada ya miezi akapona. Nami mwenye vitabu nikarudi kwenye Sura Maryam, nikaisoma kana kwamba sijapata kuisoma.

Bibi Maryam, aliyeteuliwa na kutakaswa, uchungu ulipomfikisha kwenye shina la mtende, alitamani lau angalikufa na kusahauliwa. Je, alikemewa? La. Aliliwazwa asihuzunike, akaonyeshwa maji na tende mbivu, akaambiwa ale, anywe, atulie, wala asijibizane na watu. Ikiwa Mola wake hakumlaumu kwa neno lile, sisi tuna haki gani ya kulaumu?

Atasema msomaji, "Lakini kujiua ni haramu." Naam, ni haramu, wala hapana awezaye kuibadili hukumu hiyo. Lakini mgonjwa hutibiwa, hatishwi. Hata sheria ya Kenya ilikuwa ikimwadhibu aliyejaribu kujiua, hata Januari 2025 Mahakama Kuu ikatamka kuwa kifungu hicho, cha 226, kinapingana na Katiba.

Na maradhi haya si ya mmoja wala wawili. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa katika nchi zinazoendelea, kiasi cha wanawake 16 katika kila 100 hupatwa na maradhi ya akili wakiwa na mimba, na kiasi cha 20 baada ya kuzaa. Na yaliyo mengi ni sonona, yaani huzuni isiyoondoka. Basi hesabuni wazazi wa mtaa wenu.

Wazee wetu wa pwani walimweka mzazi arubaini, mama na shangazi wakamzunguka, huyu akimkanda, huyu akimshikia mtoto. Sisi tulioingia bara tumemleta mke tukaiacha arubaini nyuma. Mama yake yuko Lamu, mume hutoka alfajiri, naye hushinda chumba cha kupanga peke yake na kilio cha mtoto. Kisha tukija twamwambia asubiri! Subira gani hiyo tunayomtwika yeye, ilhali sisi hatukuweza kusubiri hata kumsikiliza?

Kwa hivyo, enyi waume, mzazi akisema neno zito, msilihukumu. Kaeni naye, mshikieni mtoto apate kulala, asiachwe peke yake, na mpelekeni kwa tabibu siku ile ile. Kisomo ni kheri, nacho hakizuii dawa, Mtume wetu (S.A.W.) alituamrisha kujitibu.

Mwenyezi Mungu atusamehe tulilolisema kwa ujinga. Amin.