Mguu Usiouma

Alikuwapo Tanga dereva mmoja wa mabasi ya masafa marefu, mkazi wa Ngamiani, aliyeshika usukani wa basi la Dar es Salaam tangu ujana hadi akaota mvi. Jina lake halina haja. Kliniki za kisukari zimejaa watu kama yeye. Kazi yake ilikuwa kukaa. Alfajiri anapanda, mchana anateremka kidogo kula chipsi na mishikaki na kuteremshia kwa soda mbili baridi, kisha anakaa tena mpaka jioni. Alipostaafu alikuwa na kitambi, kiu isiyokatika na mkojo wa kumwamsha usiku kucha. Alikuwa pia na ganzi kwenye vidole vya miguu, ambayo hakumwambia mtu, maana aliihesabu kuwa ni uzee na pedali ya klachi.

Madereva ni watu wa kuhurumiwa katika jambo hili la kukaa. Mwaka 1953, daktari Jerry Morris wa Uingereza na wenzake walichapisha utafiti uliowalinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa ya London na makondakta wao. Basi ni lilelile, barabara ni ileile, lakini makondakta waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi kutwa kukata tiketi waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa. Tangu hapo sayansi ya mazoezi haikurudi nyuma.

Basi dereva wetu akapimwa, sukari ikakutwa 19, na presha nayo iko juu. Akaandikiwa metformini, glibenklamidi na kidonge cha presha. Nje ya chumba cha daktari foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi. Daktari akamwambia, huku anaita jina la anayefuata, "Mzee wangu, punguza wanga, ufanye na mazoezi."

Maneno hayo hayakuwa na kosa isipokuwa ufupi wake. Kidonge mtu huelezwa ameze kingapi, saa ngapi, kabla ya kula au baada ya kula, na akiona dalili gani arudi. Mazoezi nayo ni dawa, tena dawa inayokutana na nyingine mwilini, lakini hii alipewa akiwa ameshashika kitasa cha mlango.

Mwaka wa kwanza hakuigusa kabisa. Nyumbani walimlea kama yai. Mke alimnyang'anya ndoo, wajukuu wakamnyang'anya ufagio, na baiskeli yake, katika mji huu ambao hata bibi harusi hakosi baiskeli ya kwao, ikafungwa kamba ukutani. Mgonjwa apumzike, ndiyo mila yetu, na kwa homa ni mila nzuri. Kwa kisukari inageuka sumu. Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa dhaifu, na uvutaji huo huendelea saa nyingi baada ya mtu kupumzika, mara nyingine siku nzima na zaidi. Ndiyo maana wataalamu hutaka zisipite siku mbili mfululizo bila mazoezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima, awe na kisukari au presha au asiwe navyo, apate angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi au shughuli inayolingana na hiyo. Ufagio ule na ndoo ile vilikuwa tiba, vikaondolewa kwa mapenzi.

Kilichomwinua kitini ni hofu. Rafiki yake wa miaka mingi, dereva mwenzake, alipata kiharusi akabaki nusu mwili. Wiki ileile dereva wetu akajiandikisha katika klabu ya jogging ya mtaani, wale wa fulana za rangi moja na nyimbo za kuitikia.

Jumamosi ya kwanza aliamka saa kumi alfajiri, akameza vidonge vyake vyote kwa maji matupu, akaikataa chai asije akatapika njiani. Wakateremka hadi Raskazone, upepo wa bahari unawapiga usoni, naye hakuachwa nyuma. Wakati wa kurudi mikono ikaanza kumtetemeka. Jasho la baridi likamtoka, miguu ikapishana, akawa anamjibu kijana wa pembeni yake maswali ambayo hakuulizwa.

"Mzee wa watu, asubuhi yote hii keshalewa!" alisema mama muuza vitumbua.

Aliyemwokoa ni kijana wa bodaboda ambaye mama yake ana kisukari. "Hajalewa huyu, sukari imeshuka. Mama, nipe soda, ile yenye sukari yake." Wakamnywesha nusu chupa akiwa ameketi. Baada ya robo saa alijua yuko wapi, akaomba msamaha kwa kila mtu.

Kilichotokea kinaelezeka. Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala. Ukiongeza mwendo wa kasi juu ya tumbo tupu, sukari inavutwa kutoka pande mbili kwa mpigo. Anayetumia dawa za namna hiyo, au insulini, hupima kabla ya kutoka. Akikuta sukari iko chini ya 5, anakula kitu kwanza, na mfukoni anaweka pipi au glukosi. Ikishuka chini ya 4 hangoji kufika nyumbani: vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda, apumzike dakika 15, apime tena. Na wale wanaotumia dawa za presha za jamii ya atenololi wana hatari ya ziada, kwa sababu dawa hizo huficha mapigo ya moyo na mtetemeko. Kwao dalili ya kutegemea ni jasho.

Angerudi kliniki akauliza, wangempangia upya dozi na saa ya kumeza, mambo yakaisha. Alikwenda barazani kwenye kahawa. Pale akaambiwa kwamba adui ni vidonge, vinakula figo, na kwamba mtu anayetembea kama yeye keshapona. Mimi sina ugomvi na baraza. Mengi ya busara husemwa pale. Ila barazani hakuna aliyesema kwamba kinachozila figo ni sukari na presha zilizoachwa ziwe juu, na vidonge vile alivipewa ili kuzikinga.

Akaacha vyote vitatu, na cha presha ndani yake, ambacho hakikuhusika hata kidogo na kilichompata.

"Baba watoto, dawa zimekwisha au umeziacha?" mkewe alimuuliza.

"Mke wangu, mimi sasa ni mzima kuliko wewe."

Na kweli alionekana mzima. Kitambi kilipungua, mkanda ukaongezwa tundu, watu wakamsifu msikitini. Mwanawe wa Dar es Salaam alifurahi akamletea raba mpya. Alipozijaribu alichagua zile zilizobana, akazikataa za namba ya juu akidai zinapwaya. Tabia hii ni ya kawaida kwa mtu mwenye ganzi: kiatu kinachomtosha haswa hakisikii mguuni, basi anatafuta kile kinachomminya ndipo aridhike.

Mjukuu wake wa miaka minne alikuwa na mchezo wa kukusanya vifuniko vya soda na kuvifanya mabasi. Usiku mmoja basi moja liliegeshwa ndani ya raba ya babu. Asubuhi babu alivaa soksi zake nyeusi, akatumbukiza mguu, akafunga kamba, akaenda Raskazone na kurudi. Aliporudi na kuvua, kifuniko kilianguka sakafuni na kusikika, meno yake yamejaa damu na nyuzi za soksi. Unyayo ulikuwa umechanika chini ya kidole gumba. Babu alicheka, akamwita mjukuu amwoneshe basi lake lilivyopata ajali.

Mtu mwenye mguu mzima asingefika nje ya lango na kifuniko kile. Maumivu ndiyo humfanya mtu achechemee, avue kiatu, apumzishe kidonda hadi kifunge. Sukari iliyokaa juu miaka mingi huua mishipa ya fahamu ya miguu na kumwondolea mtu mlinzi huyo bila yeye kujua, na mishipa ya damu nayo huwa imeziba ziba, kwa hiyo kidonda kinachelewa kupona. Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, aliyetumia miaka mingi kuitibu miguu ya wagonjwa wa kisukari, aliandika na wenzake mwaka 2005 juu ya wagonjwa wa Tanzania waliotafunwa miguu na panya usiku wakiwa wamelala. Anayetafunwa na panya asiamke hawezi kuamshwa na kifuniko.

Kesho yake dereva alitoka tena, na keshokutwa. Jioni alikuwa akifungua kapsuli ya rangi mbili na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda, kama tunavyofanya wengi wetu, halafu anapaka asali na kufunga kitambaa. Wiki ya pili mkewe alianza kuchoma udi sebuleni asubuhi na jioni. La kuvunda halina ubani. Wiki ya tatu homa ikampanda, wakamkimbiza hospitali.

Daktari wa zamu alifungua kitambaa, akatazama, akanyamaza kidogo. "Babu, uliacha kuukanyagia mguu huu tangu lini?"

"Tangu jana."

Usaha ulikuwa umefika mfupani. Walikata chini ya goti.

Nimewasikia watu wakimalizia kisa hiki kwa kusema jogging ndiyo iliyomkata mguu. Hapana. Zamani hata madaktari waliwazuia wenye ganzi wasitembee, lakini uzoefu umeonesha kwamba mwenye ganzi anaweza kutembea kwa kiasi bila kujiongezea vidonda, ili mradi viatu vinamtosha na nyayo hazina jeraha. Kinachotakiwa ni macho yafanye kazi ya maumivu. Kila siku mtu atazame nyayo zake, kwa kioo kama hafiki kuinama, na katikati ya vidole. Ajaribu viatu jioni, miguu ikiwa imevimba vimba. Atumbukize mkono ndani kabla ya mguu. Soksi ziwe nyeupe, damu ionekane. Peku hapana, hata msikitini kwenye zege la jua kali.

Kujua kama una ganzi hakuhitaji mashine. Kuna kipimo kilichobuniwa Ipswich, Uingereza, kinachofanyika kitandani: mgonjwa anafumba macho, mwenzake anamgusa kwa ncha ya kidole, kwa sekunde moja au mbili, kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Asibonyeze wala asipapase, aguse tu. Vidole viwili au zaidi kati ya sita visiposikia, mguu uko hatarini na kliniki ijue. Na kidonda kikishatokea, mguu ule haukanyagi hadi upone. Mazoezi hayafutwi, yanahamia kitini: mikono inainua chupa za maji, mgongo unanyooshwa.

Hayo ndiyo anayofanya dereva sasa, pamoja na vidonge vyake, maana mguu uliobaki unamtia wasiwasi kuliko ulioondoka. Aliyepoteza mmoja yuko karibu kupoteza wa pili kuliko asiyepoteza.

Klabu hakuiacha. Alizozana na viongozi hadi wakakubali kwamba Jumamosi watu wataondoka saa moja asubuhi, wakiwa wamekunywa chai, na kwamba anayeshika filimbi atakuwa na glukosi mfukoni. Yeye huletwa kwa bajaji, anakaa kwenye kiti cha plastiki pale wanapokusanyika, na kila mwenye kisukari hupita mbele yake ataje sukari aliyopima, avue raba zote mbili azikung'ute. Vijana wanacheka, ila wanakung'uta. Wazee wawili walichoshwa na ukaguzi huo, wakahamia klabu nyingine ambako hakuna anayeuliza.