Tusiwatwishe Watoto Mzigo wa Nyumba

Somo: 1 Samweli 16:11–13 na 17:15–17



Kila Jumapili baada ya ibada watoto wetu hukimbilia mpira, nasi tunawatazama, chai mkononi. Hapo utasikia: "Huyu ndiye Lukaku wetu. Huyu atatutoa." Tunacheka, lakini mtoto amesikia.

Basi tumwangalie Lukaku mwenyewe. Romelu alizaliwa Antwerpen mwaka 1993, wazazi wake wakiwa wametoka Kongo. Mwaka 2018 alisimulia kwamba alipokuwa na miaka sita, alirudi nyumbani mchana kula, akamkuta mama yake akichanganya maziwa na maji ili yatoshe. Mtoto hakusema neno. Alielewa, akajiapia kuiondoa familia yake katika shida ile.

Tarehe 24 Mei 2009, akiwa na miaka 16 na siku 11, aliichezea Anderlecht, timu ya jirani zetu hapa Brussels, dhidi ya Standard ya Liège. Msimu uliofuata alifunga mabao 15 ya ligi, akawa mfungaji bora wa Ubelgiji, na Anderlecht ikatwaa ubingwa. Wakati huo wote alikuwa bado anasoma shule.

Sisi hupenda kusimulia mabao. Leo tubaki jikoni na yule mtoto wa miaka sita. Kiapo chake kilikuwa kizito kuliko mabega yake. Yeye alifika. Wangapi waliapa hivyo hivyo, wala hatujui majina yao?

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi huwaona. Mvulana wa miaka 12 anachechemea, chini ya goti pamevimba. Mfupa bado unakua na umechoshwa. Anahitaji kupunguza mchezo kwa muda. Tunamwuliza, "Inauma?" Anamtazama baba yake kwanza, kisha anajibu, "Haiumi."

Daudi alipakwa mafuta mbele ya kaka zake. Lakini sura ya 17 inatuonyesha bado anarudi Bethlehemu kuchunga kondoo wa baba yake. Kipawa hakikumwondolea ujana wake. Na mikate ya kaka zake ilitoka kwa mzee Yese. Daudi alitumwa kuipeleka tu.

Nasi viongozi tunatubu: hata sisi tumewaita watoto hawa "wakombozi wa familia". Mkombozi tunaye mmoja.

Wiki hii, kila mzazi aketi na mwanawe amwambie: "Kodi ya nyumba ni kazi yangu. Wewe soma, cheza, na ukiumia sema." Na nyumba ambayo maziwa yanaongezwa maji, tuambieni kwa siri. Si aibu. Kanisa ni familia.

Ee Baba, utupe mkate wetu, na watoto wetu uwaache wawe watoto. Amina.