Washa Moto Kibandani

Ufuta umeshakung'utwa. Magunia yamepimwa kwenye chama cha msingi, mnada umepita, simu imelia, pesa imeingia. Upepo wa kusi unavuma, usiku unadai blanketi, na pale njia panda ya Nangurukuru, Kilwa, mabasi ya Dar es Salaam yanapakia vijana wenye mabegi mapya. Nawajua, maana niliwahi kuwa mmoja wao. Na wewe umo: mlango wa kibanda cha shamba umeufunga kwa kipande cha waya. Jembe umeliegemeza pembeni likiwa bado na udongo wa masika. Moyoni umeshaliaga shamba: tutaonana mvua zikianza.

Ndugu yangu, shuka kwenye hilo basi.

Dar haina kosa. Vijana wa pwani ya Lindi wameizoea kiasi kwamba wengi wanaamini hata neno machinga lilitoka kwetu, kwa Wamachinga waliokwenda mjini kutembeza bidhaa mkononi. Nenda, utarudi, mji upo tu. Ila usiende sasa. Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ndiyo miezi ambayo shamba la huku linaamua mwaka wako utakuwaje, na linaamua kimyakimya, bila mvua ya kukuamsha wala magugu ya kukutia aibu mbele ya jirani. Mwezi Januari kila mtu ni mkulima. Mkulima wa Julai ndiye ninayemtafuta leo.

Watu wa Kusini tuna nyumba mbili. Moja iko kijijini, nyingine iko shambani, na chanzo cha hali hiyo wazee wanakikumbuka vizuri. Miaka ya 1970 vijiji vya ujamaa vilitukusanya kando ya barabara, karibu na shule na zahanati, lakini mikorosho haikupanda lori. Ilibaki kule kule walikoipanda wazee wetu, mwendo wa saa moja au mbili kwa mguu. Tangu hapo, kinachomuunganisha mtu na shamba lake ni kile kibanda cha miti na makuti, au dungu lililoinuliwa juu ya nguzo, ambako mtu hulala akililinda shamba dhidi ya nguruwe pori na nyani. Kibanda kikisimama, shamba lina mwenyewe. Kikianguka, shamba linakuwa pori lenye mikorosho ndani yake.

Na umbali huo ulitugharimu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000. Msimu wa 1986/87 tulikuwa tumeporomoka hadi chini ya tani 20,000. Bei mbovu ilichangia. Mashamba kuachwa mbali na watu kulichangia. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ukaja ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaokaa kwenye vichipukizi na maua ya mkorosho kama unga wa muhogo uliomwagwa. Ua lililoshikwa na ubwiri hukauka na kudondoka, na korosho yake hutaiona.

Sasa sikiliza vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo pesa yako ilipo. Ubwiri unapenda kipupwe. Unapenda usiku wa baridi, unapenda umande, unapenda majani machanga na maua mapya, na mkorosho wetu kwa hiari yake huchipua na kuchanua katika miezi hiyo hiyo. Baridi inayokufanya ujikunje chini ya blanketi hadi saa mbili asubuhi ndiyo inayomlisha adui yako. Yeye halali. Wewe uko wapi?

Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, kule Mtwara, walihangaika na ugonjwa huu miaka mingi, na salfa ikathibitika kuwa kinga ya kutegemewa. Ndiyo iliyosaidia kuirudisha korosho kwenye mstari, hadi msimu wa 2017/18 nchi ikavuka tani 313,000. Lakini salfa haijipulizii. Inataka mtu aliyeamka alfajiri, wakati upepo umelala na majani yana umande wa kulishika lile vumbi, akafunga kitambaa puani na mdomoni, akavaa nguo ya mikono mirefu, akabeba bomba au akaongozana na mwenye bomba. Inataka mtu arudie tena baada ya wiki mbili au tatu, na arudie tena, maana mkorosho hauchanui siku moja kama karamu. Zaidi ya yote, inataka mtu anayeukagua mti wake kwa macho. Ukiona unga mweupe umetapakaa, umeshachelewa kidogo. Aliyekuwa akilala kibandani aliuona wiki iliyopita. Aliyeko mjini atauona Oktoba, kwa kuhesabu magunia yaliyopungua, halafu atasema mwaka huu korosho zimegoma.

Tukirudi kwenye kibanda chenyewe: nenda ukakitazame leo, lakini usikitazame kama mgeni. Inua macho. Makuti ya upande wa kusini yamechanika, maana upepo umeyapiga tangu Mei. Kombamoyo moja linalobeba makuti limepinda. Shuka chini, kwangua nguzo kwa ncha ya panga: kama inatoa ungaunga na njia za udongo, mchwa ameshaanza kula pesa yako ya ufuta. Sote tumelelewa na ule usemi wa ufa na ukuta, na tumeusikia mpaka hatuusikii tena. Basi mimi nakwambia kombamoyo. Kombamoyo moja ukilibadilisha Julai, ni kazi ya asubuhi moja na kamba. Ukiliacha, mvua ya kwanza itakaa pale lilipobonyea, makuti yataoza, uzito utashuka, na Desemba utakuwa unajenga upya huku unanyeshewa na mbegu imelowa.

Kipupwe ni msimu wa fundi. Ardhi imekauka, kwa hiyo nguzo mpya inasimama imara na shimo halijai maji. Jua ni la upole, unaweza kukaa juu ya paa mchana kutwa bila kizunguzungu. Makuti ya viungo yanapatikana, kwa kuwa wenzako bado wamelala. Subiri Novemba ndipo utajua bei haina huruma. Tako la nguzo lichome moto mpaka liwe jeusi kabla hujalifukia, mwagia majivu au oili chafu, na mchwa atakwenda kumtafuta jirani mvivu. Kiambaza kilichobanduka kikandike sasa, udongo upate muda wa kukauka taratibu bila kupasuka. Jembe lioshe, lipake mafuta kidogo, mpini uliolegea uugongee kabari. Panga na fyekeo vitundike juu, visilale chini. Mahindi ya mbegu yaning'inize juu ya jiko, moshi uyalinde. Kunde zako za mbegu zichanganye na majivu.

Na uwashe moto humo ndani. Hili bibi zetu walilijua bila semina. Kibanda kisichopikiwa huoza. Moshi unapenya kwenye makuti, unafukuza wadudu, unakausha unyevu, unaipaka miti ile rangi nyeusi ambayo mchwa na bunguo hawaipendi. Panya anahama, na akihama panya nyoka naye hana sababu ya kuingia. Moshi ukionekana kwa mbali, hata nyani anajua mwenyewe yupo.

Usidanganywe na anayekwambia makuti ni umaskini. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu kuwa mji mzuri, na akaandika kuwa nyumba zake zilikuwa za mbao zilizoezekwa kwa nyasi, na kwamba mvua yake ni nyingi. Huo ulikuwa mji uliokuwa unatawala biashara ya dhahabu ya Sofala! Na wale waliojenga kwa mawe nao hawakuikwepa kazi ya kukarabati. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, urithi wa dunia tangu 1981, yaliwekwa mwaka 2004 kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mawimbi yalikuwa yanakula ufuo, mizizi ilikuwa inapasua kuta. Yakatengenezwa, yakaondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014. Kama ukuta wa sultani unahitaji chokaa mpya, kibanda chako ni nani hata kisihitaji kuti?

Halafu kuna moto wa kiangazi. Huu nitausema kwa kifupi kwa kuwa unatisha wenyewe. Kufika Agosti nyasi zimekauka, kusi linapuliza, na mtu mmoja anayewinda ndezi au kusafisha shamba jipya anaweza kuteketeza mikorosho ya ukoo mzima kwa alasiri moja. Fyeka njia ya moto kuzunguka shamba sasa, pana, hatua nne au tano, hadi udongo uonekane. Zungushia na kibanda. Majani yaliyo chini ya mikorosho yasafishe pia. Kazi hiyo hiyo itakulipa mara ya pili korosho zitakapoanza kudondoka, kwa sababu utaziokota kwa macho badala ya kuzipapasa kwenye magugu. Ongea na jirani mfyeke pamoja mpaka wenu. Moto hausomi hati.

Mwenye kipande bondeni, kando ya mto Mavuji, Matandu, Mbwemkuru au Lukuledi, huyo namuonea wivu. Maji yameshuka yameacha udongo mweusi wenye unyevu, na baridi hii ndiyo nyanya na kabichi zinayoipenda. Wenzako wanakula ufuta wao kwa mkupuo; wewe unauza matenga kila wiki sokoni Masoko, Kivinje au Lindi mjini. Muhogo nao ukiumenya sasa unakauka vizuri. Makopa ya Julai huwa meupe, hayana ukungu. Na Agosti 8 ikifika, kama una nauli, nenda viwanja vya Ngongo, Lindi, kwenye maonyesho ya wakulima ya Nanenane, ukatazame bustani za wenzako. Wala usiende kula chipsi tu.

Najua utakachonijibu. Mwili umechoka. Kweli, umechoka; ufuta unavunja mgongo. Lala siku tatu, lala wiki, kula samaki, mwili una haki yake. Utaniambia huu ni msimu wa ngoma, watoto wanatoka jandoni, kuna harusi ya mtoto wa shangazi. Nenda! Cheza hadi alfajiri. Mtu asiyecheza ngoma ya mwanawe analima kwa ajili ya nani? Lakini ngoma ni ya Jumamosi, na wiki ina siku saba. Utaniambia pia mafuriko na vimbunga vinabomoa kila tunachojenga. Mei 4, 2024 kimbunga Hidaya kilipotua, mvua ilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, watu wakakwama siku kadhaa. Wazee wetu nao waliona kimbunga kikiipiga Lindi Aprili 1952. Angalia miezi: Aprili, Mei. Na baada yake kinakuja nini? Kipupwe. Kana kwamba mwaka wenyewe unakupa nafasi ya kuezua na kuezeka.

Nikukumbushe na jambo moja la milimani kwetu. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianza kuwalazimisha watu kulima pamba kwenye mashamba ya pamoja, kwa malipo yasiyofaa hata kutajwa, na msimu wa kuichuma pamba hiyo ulikuwa huu huu wa kiangazi. Mtu alitolewa shambani kwake, akaacha banda lake libomoke na chakula chake kiliwe na nguruwe, akamlimie mwingine. Julai 1905, pale Nandete, Umatumbi, watu wakaing'oa ile pamba. Vita vya Majimaji vikaanza. Sitaki kugeuza damu yao kuwa hotuba ya kilimo, wala sidai walipigania makuti. Ila kila Julai ikifika huwa nafikiri hivi: wale walizuiwa kuwa mashambani mwao katika msimu huu kwa viboko. Mimi na wewe anatuzuia nani? Yule akida wa Wajerumani yuko wapi? Ni blanketi, ni basi, ni simu yenye salio.

Kwa hiyo tusiongee sana. Kesho ni siku ya kazi. Saa kumi na moja alfajiri upepo huwa umelala, umande uko kwenye majani, mikorosho imesimama kama watu wanaosubiri. Chukua panga, kamba, mzigo wa makuti, muhogo wa kuchoma na chumvi. Mwamshe na mwanao, abebe kiberiti. Mkifika, fungua ule waya mlangoni, fagia majivu ya zamani, panga mafiga matatu, na kabla hujashika kazi yoyote washa moto, moshi utoke juu ya paa mpaka jirani wa ng'ambo ya bonde asimame na kuuliza: nani yule ameshafika?