Shamba la Nabothi Halikurudishwa

Kila mwalimu wa CRE, somo la dini ya Kikristo, hapa Konoin katika kaunti ya Bomet amefundisha kisa cha Nabothi, kwa kuwa kimo katika silabasi ya Kidato cha Kwanza, kwenye mada ya nabii Eliya. Mfalme Ahabu anatamani shamba la mizabibu lililopakana na jumba lake Yezreeli. Nabothi anakataa kuutoa urithi wa baba zake. Mkewe Ahabu, Yezebeli, anaandika barua kwa muhuri wa mfalme, wazee wa mji wanaitisha kikao, mashahidi wa uongo wanasimama, Nabothi anapigwa mawe hadi kufa, na Ahabu anashuka kulitwaa shamba. Mtihani huuliza mafunzo ambayo Mkristo wa leo anaweza kuyapata hapo, na wanafunzi wangu hujibu vizuri: tamaa ni dhambi, kiongozi asitumie vibaya mamlaka, Mungu huwatetea wanyonge. Wanapata alama zote.

Msichana mmoja, ambaye mamake huchuma majani chai kwenye shamba la kampuni, aliniuliza jambo ambalo mtihani hauliulizi. "Madam, shamba lilirudishwa kwa watoto wa Nabothi?"

Halikurudishwa. Ahabu alirarua nguo zake, akavaa gunia, akafunga, na Mungu akaiahirisha adhabu hadi siku za mwanawe. Katika kitabu cha pili cha Wafalme, mwanawe Yoramu anauawa na maiti yake inatupwa kwenye kiwanja kile kile. Na hapo ndipo tunapojua kwamba damu iliyomwagwa haikuwa ya Nabothi peke yake, ilikuwa ya wanawe pia. Hakubaki mrithi wa kudai. Ahabu alijinyenyekeza kwa kweli, lakini alijinyenyekeza akiwa bado na shamba mkononi.

Je, hiyo ni toba? Swali hili haliwezi kuepukwa na mtu anayefundisha dini katika nchi ya chai. Dirisha la darasa langu linatazama majani chai hadi macho yanapokomea. Wazee wa hapa wanajua ardhi hii ya Wakipsigis ilitwaliwa vipi na serikali ya kikoloni ikagawiwa walowezi na makampuni. Mwaka 1934 ilitungwa sheria mahususi ya kuwahamisha Watalai, ukoo wao wa viongozi wa kiroho, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mbali na watu wao. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza kuhusu dhuluma hiyo, na mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Watalai wakapeleka malalamiko yao katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Mwaka 2023 Mfalme Charles alikuja Kenya, akazungumzia huzuni na majuto kwa maovu ya enzi ya ukoloni. Niliyasikiliza maneno yake kwa makini na naamini yalitoka moyoni. Hata gunia la Ahabu lilikuwa la kweli.

Sisi walimu wachache wa shule za jirani, kati ya Litein na Mogogosiek, hukutana Jumamosi tukipata nafasi. Kikundi chetu hakina jina wala cheti cha usajili. Tunaisoma mada pamoja kabla ya kila mmoja kwenda kuifundisha kwake. Mwenzetu Mwislamu, anayekuja kutoka Kericho mjini, alitueleza kwamba kwao toba ya dhambi iliyomhusu mja mwingine haitimii kwa majuto na kuacha peke yake. Haki ya mwenyewe lazima irudishwe. Nilipofika nyumbani nilifungua Luka, iliyo katika silabasi ya Kidato cha Pili, nikamsoma tena Zakayo, mtoza ushuru. Hasemi kwamba anasikitika. Anataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Wokovu unatajwa nyumbani mwake baada ya hesabu hiyo.

Hadi hapo mambo ni mepesi, na mwalimu Mkipsigis kama mimi angeweza kutoka na hotuba kali. Aliyenizuia ni mwenzangu wa historia, Mkisii. Aliuliza mtoto wa kambi ya wafanyakazi wa chai atasikia nini nikisimama mbele ya darasa na kusema shamba lirudi kwa mwenyewe. Darasani kwangu wapo Wakisii, Waluo na Waluhya waliozaliwa kwenye nyumba za kampuni, na wazazi wao hawakumnyang'anya mtu kitu; walikuja kuchuma majani kwa malipo ya kilo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wa jamii kama hizo walivamiwa katika mashamba ya chai ya Kericho. Wapo waliouawa. Waliowavamia walikuwa na maneno ya urithi wa baba zao midomoni. Na Nabothi aliuawa na akina nani? Na majirani zake, kwa mawe, baada ya kikao kilichofuata utaratibu wote.

Tangu siku hiyo nimeshikilia msimamo mmoja: haki haifundishwi na mwalimu mmoja peke yake. Nikiwa peke yangu naliona jeraha la nyumbani kwetu tu. Hata katika kokwet, kikao cha wazee wetu, kesi ya mpaka haikuamuliwa na mtu mmoja aliyejifungia ndani. Majirani walikaa, kila upande ukasikizwa, ng'ombe wakangoja. Tena kuna sababu ya kawaida kabisa. Mwalimu mmoja akizungumzia nyapara wa shamba la chai anayedai mwili wa mwanamke ndipo ampe kazi, anaitwa mchochezi. Wanawake zaidi ya 70 walisimulia unyanyasaji wa aina hiyo katika filamu ya BBC ya Februari 2023, na binti zao ni wanafunzi wetu. Walimu wa shule kadhaa wakilizungumza jambo hilo kwa pamoja, wakiwa na wazazi, ni vigumu kulizima kwa kumtisha mtu mmoja.

Wapo wanaoniambia mwalimu hana upande, kazi yake ni silabasi. Basi waisome. Mtaala wa umilisi unaitaja haki ya kijamii miongoni mwa maadili yake manane, na Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinaitaja pia. Chama chetu cha walimu, KNUT, kilichoanzishwa mwaka 1957, kimepigania mishahara, na kilifanya vyema. Mwalimu mwanagenzi wa sekondari msingi aliyelipwa shilingi 20,000 kwa mwezi anajua dhuluma bila kufundishwa. Ila katika mikutano ya tawi niliyohudhuria sijasikia ajenda ya namna ya kuifundisha haki hiyo. Naomba iwekwe.

Silabasi yenyewe imetupa pa kuanzia. Katika sura ya tano ya Nehemia, maskini wanalia kwamba wameweka rehani mashamba yao na watoto wao wanakuwa watumwa. Nehemia anakasirika, anatafakari kwanza, kisha anaitisha mkutano mkubwa, na wakubwa wanaapa mbele ya makuhani kurudisha mashamba na nyumba siku hiyo hiyo. Hakuna aliyepigwa mawe. Kati ya hadithi zote za ardhi ninazozifundisha, hii ndiyo ninayoiamini zaidi, na huwa tunaipitia haraka haraka kwa sababu muhula unaisha.

Muda wa silabasi hii umebaki mfupi: darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 litafanya mtihani wa KCSE mwaka 2027. Mwalimu mwenzangu wa Bomet au Kericho, kabla hujaifikia sura hiyo ya Nehemia, mwalike mwalimu wa jamii nyingine aisome pamoja nawe, kisha mpange mtakavyoifundisha bila kuificha ardhi na bila kumfukuza mtoto yeyote darasani.