Nani Anapumzika Melini?

Kariakoo, Dar es Salaam, safari huhitaji sababu. Mwenye duka wa Mtaa wa Kongo akifunga fremu siku tatu, majirani wataulizana nani kafiwa. Safari ya Guangzhou kufuata mzigo inaeleweka, ya msibani inaeleweka, ya harusi na ya Hija vilevile. Lakini baba kumchukua mkewe na watoto, kupanda nao boti ya Unguja, mwendo wa saa mbili hivi, na kukaa huko bila kununua wala kuuza chochote, hiyo wengi huiita kula bata, na huisema kwa sauti ya kulaumu. Meli kubwa za kitalii zinazotia nanga Dar es Salaam na Zanzibar, zenye familia nzima zinazokula, kulala na kuogelea humohumo baharini, huonekana ndiyo anasa yenyewe. Swali la kidini lililo nyuma ya lawama hizi ni zito: pumziko lisilo na faida ya biashara wala sura ya ibada lina nafasi gani kwa mcha Mungu? Naamini lina nafasi kubwa, kwa kuwa ni haki ya mwili na ya familia. Ila bei ya tiketi haitoshi kutuambia kama pumziko hilo ni jema. Tuwatazame waliofanya kazi ili lipatikane, kama nao wamepumzika.

Ushahidi kwamba pumziko ni haki ya mwili na ya familia Waislamu wa Kariakoo wanao. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Salman Alfarisi alimtembelea nduguye Abu Dardaa akamkuta amezama katika ibada, mchana amefunga, usiku amesimama kuswali, na mkewe akionekana kuwa amesahauliwa. Salman alimtaka ale, akamtaka alale, kisha akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahali zake pia wana haki. Mtume alipoelezwa alisema Salman kasema kweli. Kilichokuwa kikimla Abu Dardaa ni ibada, wala si tamaa ya mali. Ikiwa swala za usiku haziruhusiwi kumeza haki ya mke, sembuse hesabu za duka?

Lakini mtu anaweza kujibu kwamba Uislamu hauna sabato. Ijumaa mwenye duka huitwa aache biashara aiendee swala, na ikimalizika anaruhusiwa kutawanyika na kutafuta fadhila za Mungu. Kwa hiyo, atasema, kazi nayo ni ibada, na likizo ni mambo ya kigeni. Hoja hii ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba ruhusa ya kurudi sokoni imetolewa, ila imetanguliwa na amri ya kuliacha soko, nalo huachwa wakati ambapo wateja wamejaa. Kinachofundishwa hapo ni kwamba biashara ina mpaka, na aliyeuweka mpaka huo si mfanyabiashara mwenyewe. Hakuna haja ya kuigeuza Ijumaa kuwa sabato ili tulikubali hilo.

Wapo pia wanaohofia israfu, na hofu yao naiheshimu. Mpwa hajalipiwa ada, mama kijijini anahitaji dawa, halafu fedha zinakwenda kwenye nauli na pweza wa Forodhani! Deni la ndugu lina haki ya kutangulia. Hata hivyo hoja hiyo, ikiachwa bila kikomo, haimwachii mtu siku hata moja, kwa sababu shida za ukoo haziishi. Mtoto anayemwona baba yake usiku tu, akihesabu noti, naye ni mdai, na anachodai hakilipiki kwa fedha. Boti ina jambo moja linalomfaa mtoto huyu: ikishaondoka, baba hawezi kushuka akamwone mteja. Simu itaita, ndiyo, lakini duka liko ng'ambo ya maji.

Pingamizi linaloniumiza zaidi ni jingine. Meli ya anasa hupumzisha watu wa juu kwa jasho la watu wa chini. Wapishi, wafua nguo, wasafisha vyumba na mafundi wa injini, wengi wao kutoka Ufilipino, Indonesia na India, hukaa baharini miezi mingi mfululizo mbali na watoto wao, ili watoto wa wengine wafurahi na wazazi wao. Torati ililiona jambo hili mapema. Katika Kutoka, sabato inafungamanishwa na Mungu kupumzika baada ya kuumba. Katika Kumbukumbu la Torati sababu inakuwa utumwa wa Misri, na mtumwa wa kiume na wa kike wanatajwa wazi kwamba nao wapumzike kama bwana wao. Aliyewahi kunyimwa pumziko ndiye anayeamriwa kutomnyima mwingine. Sioni kwamba hili linaiharamisha meli, kwa kuwa kuhudumia watu ni kazi ya heshima. Linadai ratiba ya haki, na bahari imejaribu kuiandika: Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unampa baharia saa zisizopungua 10 za mapumziko katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Hautekelezwi vema kila mahali, lakini kuna kitu cha kumshikia mwajiri.

Kariakoo je? Hapa palikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya watu wengine, na waliouawa na maradhi na uchovu ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Mwaka 2025 biashara ya saa 24 ilizinduliwa rasmi sokoni. Nia yake naielewa: wateja wanatoka Zambia, Kongo na Malawi, na usiku una riziki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka. Lakini kijana wa dukani asiye na mkataba siku hizo hazioni, na mchukuzi anayelipwa kwa gunia, akilala siku moja, halipwi kitu. Tajiri wao anapopanda boti na wanawe wakati wa Idi, safari hiyo ni halali yake. Ila aliyebaki akilinda fremu usiku na mchana naye ana ahali zake.

Duka linaweza kuwa wazi saa 24 bila mtu yeyote kukesha mfululizo, mradi pawe na zamu na watu wa kutosha. Hivyo serikali na wafanyabiashara wanapokaa kujadili taa, ulinzi na usafiri wa usiku, zamu za vijana wa maduka zijadiliwe katika kikao hichohicho. Lipo pia suala gumu zaidi, ambalo dini zetu zinatudai jibu lake: msukuma mkokoteni anayewabebea matajiri kumi kwa siku moja, siku yake ya kukaa na wanawe italipwa na yupi kati yao?