Je, Yafaa Kupima Aibu ya Mtoto?

Homa ya mgonjwa twaipima kwa kipimo, na damu yake yapimwa hospitalini. Lakini aibu ya mtoto mwenye virusi vya sida, au ya mtoto ambaye wazazi wake wanavyo, tutaipimaje?

Wataalamu wamejaribu. Mwaka 2001 Barbara Berger na wenzake, kule Marekani, walitoa maulizo 40: jinsi mgonjwa anavyotendewa na watu, anavyoogopa siri yake kujulikana, anavyojidharau, na anavyodhani wengine wanamwaza. Mwaka 2013, huko Uswidi, kipimo hicho kilifupishwa kwa ajili ya watoto, kikabaki na maulizo 8.

Wengine husema: Kumwuliza mtoto juu ya aibu yake ni kutonesha kidonda. Neno hilo lina ukweli. Wako watoto wanaokunywa dawa kila siku bila kuambiwa ugonjwa wao, na ulizo moja la haraka laweza kufunua siri ya nyumba nzima. Kwa hiyo mlezi aombwe ruhusa, na mtoto naye akubali, tena waulizwe mahali pa faragha.

Walakini kunyamaza nako kwaumiza. Mlezi aweza kusema kwamba mtoto hana shida, kumbe mtoto anaficha machozi asimhuzunishe. Mlezi naye aficha matusi ya majirani. Ndiyo sababu yafaa kila mmoja aulizwe peke yake. Tena anayeogopa kuonekana na dawa huacha kuzinywa, na virusi huongezeka upya. Aibu yaweza kuua pale dawa ilipokuwa imeponya maisha.

Twajua kwamba virusi haviambukizi kwa sahani moja, wala kwa kushikana mikono, wala kwa kuketi benchi moja. Hapa Kongo sheria ya tarehe 14 Julai 2008 yakataza kuwabagua wenye virusi. Lakini sheria haiingii moyoni.

Basi kipimo kile chapima nani? Mtoto ndiye ajibuye, lakini majibu yake yatueleza sisi: maneno yetu kisimani, nafasi tunayoacha kando yake kanisani. Yezu alimgusa mkoma mbele ya watu wote. Hesabu ya aibu ikiwa kubwa katika parokia, huruma peke yake haitoshi. Tuchunguze dhamiri zetu, tutubu, kisha tuketi karibu naye.